Jeni moja, majibu matatu

Karibu kila mtaa wa Afrika Mashariki una familia inayoijua sikoseli. Ni wachache walioambiwa kwamba maumivu yote yale ya viungo, na damu yote ile inayoongezwa wodini, chanzo chake ni herufi moja. Vinasaba vya binadamu vimeandikwa kwa herufi nne tu, na katika jeni inayoelekeza namna ya kutengeneza himoglobini, mahali palipopaswa kusomeka GAG panasomeka GTG. Asidi ya glutamiki inaondoka, valini inakaa mahali pake, na chembe nyekundu ya damu inapinda.

Chukua sasa jeni nyingine, BRAF, iliyo kwenye kromosomu ya 7, ufanye kinyume chake: palipo na GTG paandikwe GAG. Valini inaondoka, asidi ya glutamiki inakaa. Badiliko ni lilelile, limerudi kinyumenyume, na ugonjwa ni mwingine kabisa. Hapo tunazungumzia melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi yake, ambayo ni katili kuliko saratani nyingine zote za kawaida za ngozi. Herufi ya sikoseli mtu huzaliwa nayo, kaipata kwa baba na kwa mama. Hii ya BRAF huzuka ukubwani ndani ya seli moja ya ngozi, na mgonjwa hawezi kumrithisha mwanawe.

Waliolibaini badiliko hilo ni watafiti wa Taasisi ya Sanger, kijijini Hinxton karibu na Cambridge, Uingereza. Juni 2002 Helen Davies, Michael Stratton na wenzao waliandika katika jarida la Nature kwamba wamekuta BRAF imebadilika katika sampuli za melanoma takriban mbili kwa kila tatu, mara nyingi kwa herufi hiyohiyo. Hesabu zilizofuata, zenye wagonjwa wengi zaidi, zimeishusha idadi hadi karibu nusu. Kazi ya protini ya BRAF ni kupokeza amri ya seli kugawanyika. Aliyezoea daladala ataielewa haraka: konda akigonga bati, dereva anaondoa gari, abiria wakiwa bado wanapanda, hagongi. BRAF iliyobadilika ni konda anayegonga bati usiku na mchana, kituo kiwepo kisiwepo.

Ungedhani basi kwamba ukiliona badiliko hilo umeiona saratani. Mwaka uliofuata, 2003, watafiti wa Marekani walipima madoa meusi ya kawaida ya ngozi, yale ambayo watu wengi wanayo mgongoni au shavuni na hawayatilii maanani, wakakuta mengi yana badiliko lilelile. Seli imepokea amri, imegawanyika kiasi, kisha jeni nyingine za ulinzi zimeizuia, na doa limetulia hapo hadi uzeeni. Ili doa ligeuke saratani ni lazima ulinzi huo nao uharibike. Nimeona niliseme hili mapema kwa sababu siku hizi vipimo vya jeni vinatangazwa kana kwamba ni ramli iliyovalishwa koti jeupe.

Hata hivyo swali ambalo ndugu wa mgonjwa huliuliza mlangoni mwa chumba cha daktari halihusu valini wala kromosomu. Huuliza: "Dokta, tuambie tu ukweli, mzee wetu amebakiza muda gani?" Kwa melanoma iliyokwisha kusambaa, jeni ya BRAF imetoa majibu matatu ndani ya miaka isiyozidi kumi na tano, na majibu hayo yanapingana. Jeni yenyewe haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kabati la dawa.

Jibu la kwanza lilikuwa baya. Hadi mwaka 2010 hakukuwa na dawa iliyothibitishwa kurefusha maisha ya mgonjwa wa hatua ya nne. Ilikuwapo dakabazini, dawa ya tiba kemikali iliyotumika tangu miaka ya 1970, iliyofanya uvimbe unywee kwa wachache na kuwatapisha wengi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya majaribio 42 na wagonjwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba nusu yao walifariki ndani ya miezi 6 hivi, na ni robo tu waliofikisha mwaka. Katika giza hilo, timu ya Georgina Long huko Sydney, Australia, iliwafuatilia wagonjwa 197 ikitaka kujua kama BRAF inaleta tofauti. Ilileta. Wasiokuwa na badiliko waliishi miezi 8.5, kwa maana kwamba nusu yao walivuka hapo na nusu hawakuvuka. Wenye badiliko, ambao hawakupata dawa ya kulizuia, waliishi miezi 5.7.

Daktari aliyesoma matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 2011 angeweza kabisa kuiambia familia: tumepima jeni, na habari si nzuri. Asingekuwa amekosea. Lakini ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kundi la tatu, wenye badiliko waliopewa dawa mpya za majaribio, na kwa hao nambari haikuwezekana hata kukokotolewa, maana zaidi ya nusu walikuwa bado hai.

Dawa hizo ndizo zilizoleta jibu la pili. Agosti 2011 Marekani iliidhinisha vemurafenibu, kidonge kilichoundwa mahususi kuikaba protini ya BRAF iliyoharibika. Mgonjwa asiye na badiliko hilo hapewi, kwani haimsaidii na yaweza kumdhuru. Ghafla wale waliohesabiwa kuwa na bahati mbaya ndio waliokuwa na mlango wa kutokea.

Kuna picha tatu ambazo kila mtaalamu wa melanoma ameziona. Zilichapishwa mwaka 2011, za mwanamume wa miaka 38 ambaye kiwiliwili chake kilikuwa kimejaa vinundu vya saratani chini ya ngozi. Katika picha ya pili, baada ya wiki 15 za vemurafenibu, ngozi ni laini na vinundu vimetoweka. Mtu akiishia hapo atasema muujiza. Picha ya tatu ni ya wiki ya 23: vinundu vimerudi, vingi vyao palepale vilipokuwa. Walipozisoma upya seli zake, walikuta saratani imepata badiliko jingine katika jeni iliyo hatua moja mbele ya BRAF. Konda amefungwa mikono, dereva kajifunza kuondoka mwenyewe.

Hivyo ikaongezwa dawa ya pili ya kuziba njia hiyo, na tangu 2014 wagonjwa hupewa vidonge viwili kwa pamoja, kwa mfano dabrafenibu na trametinibu. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya miaka mitano ya wagonjwa 563 waliotibiwa hivyo. Thelathini na nne katika kila mia walikuwa hai. Ukikumbuka walikotoka, kwenye robo tu waliofikisha mwaka mmoja, hayo ni mabadiliko makubwa.

Ndani ya wagonjwa hao 563 kulikuwa na jambo ambalo mimi naliona la maana kuliko nambari ya jumla. Wote walikuwa na badiliko la BRAF. Kwa kipimo cha jeni walikuwa sawa. Kilichowatenganisha ni LDH, kimeng'enya kinachopimwa katika damu na maabara nyingi za hospitali za kawaida, kwa gharama ndogo. Ambao LDH yao haikuwa imepanda na saratani ilikuwa katika viungo visivyofika vitatu, 55 katika kila mia walikuwa hai baada ya miaka mitano. Ambao LDH yao ilikuwa juu, ni 16 tu. Kimeng'enya hiki hakina mvuto. Hakijatajwa katika hotuba ya waziri yeyote wala hakijaundiwa kampuni ya kukitangaza. Lakini kimo katika mwongozo wa kimataifa wa kupanga hatua za melanoma tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mpaka leo hakuna jeni iliyokiondoa kwenye nafasi yake. LDH ikipanda inamaanisha saratani ni nyingi na seli zinakufa ovyo kwa kukosa hewa. Inatueleza mzigo alioubeba mgonjwa leo. Jeni hutueleza uvimbe ni wa aina gani. Wanaouliza "amebakiza muda gani" wanahitaji kujua yote mawili, na mara nyingi la kwanza ndilo lenye uzito.

Rais aliyekwisha kuaga

Agosti 2015 Jimmy Carter, rais wa 39 wa Marekani, alikaa mbele ya waandishi wa habari mjini Atlanta akawaeleza kwamba melanoma iliyoondolewa kwenye ini lake imeonekana pia katika sehemu nne za ubongo. Alikuwa na miaka 90. Alisema kwa utulivu kwamba alipopata habari hizo alidhani amebakiza wiki chache tu. Alipigwa mionzi ya kichwani na kutundikiwa dripu ya pembrolizumabu, dawa iliyokuwa haijafikisha mwaka mmoja tangu iidhinishwe kwao. Desemba mwaka huohuo, katika kanisa la kijijini kwake Plains alikokuwa akifundisha shule ya Jumapili, aliwatangazia waumini kwamba picha za ubongo hazionyeshi saratani tena. Alifariki tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Pembrolizumabu haiigusi BRAF. Haiigusi hata seli ya saratani. Hufanya kazi kwa askari wa mwili, zile seli nyeupe ambazo saratani imejifunza kuzipumbaza kwa kubonyeza vizuizi vilivyomo juu yake. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba vizuizi hivyo vikiondolewa askari huamka. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018. Dawa ya kwanza ya aina hii kwa melanoma, ipilimumabu, iliidhinishwa mwaka uleule wa vemurafenibu, 2011, ikafuatiwa na nivolumabu na pembrolizumabu mwaka 2014. Madhara yake si madogo: askari aliyeamshwa anaweza kugeukia utumbo, ini, mapafu au tezi za homoni za mwenye mwili, na wapo wanaokufa kwa hilo.

Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya miaka kumi ya jaribio la wagonjwa 945 wa melanoma iliyosambaa. Waliopewa nivolumabu pamoja na ipilimumabu, 43 katika kila mia walikuwa hai baada ya muongo mzima. Madaktari wa saratani ni watu wa tahadhari na neno "kupona" hawalitamki ovyo, ila kwa hawa wengine wameanza kulitamka.

Na BRAF je? Hapa ndipo jibu la tatu linapotokea. Katika jaribio hilohilo, baada ya miaka sita na nusu, waliopewa dawa mbili za kinga wenye badiliko la BRAF walikuwa hai 57 katika kila mia. Wasio na badiliko, 46. Alama iliyokuwa ya wafao mapema imekuwa ya waishio zaidi. Kisha likaja swali la mpangilio: mwenye BRAF iliyobadilika aanze na kipi, vidonge vinavyoilenga jeni yake au dripu ya kuamsha kinga? Akili ya haraka ingesema vidonge, si ndivyo vilivyoshonwa kwa kipimo chake? Jaribio la Marekani lililoitwa DREAMseq lilipeleka wagonjwa pande zote mbili, na matokeo yake ya mwaka 2021 yalimaliza ubishi: walioanza na kinga, takriban 72 katika mia walikuwa hai baada ya miaka miwili, walioanza na vidonge, 52. Kwa wengi, basi, kuwa na alama kunamaanisha wana akiba ya pili endapo ya kwanza itashindwa.

Ajabu nyingine ya tiba hii ni kwamba inapenda saratani iliyoharibika zaidi. Melanoma ya ngozi nyeupe iliyoungua jua miaka mingi hubeba makovu ya vinasaba kwa maelfu, mengi yakiwa ni herufi C iliyogeuka T, sahihi ya mionzi ya jua. Kila kovu laweza kutoa protini ngeni, na kila protini ngeni humpa askari sababu ya kumtambua adui. Jua lililomletea mtu saratani ndilo linaloipa dawa mahali pa kushika. Jambo hilo lina maana yake kwetu, na nitalirudia punde.

Jicho, mahali jeni inaposema kweli

Nisieleweke kwamba nabeza vipimo vya jeni. Ipo melanoma moja ambayo jeni yake husema kabla ya daktari, kabla ya picha za skana, na husema kwa uhakika unaotisha. Ni ile inayoota ndani ya jicho. Haina badiliko la BRAF, ina mabadiliko katika jeni nyingine, hasa GNAQ na GNA11, lakini hizo hazitabiri kitu. Kinachotabiri ni kupotea kwa nakala moja ya kromosomu ya 3 na kuharibika kwa jeni iitwayo BAP1, ambayo timu ya William Harbour ya Marekani iliitambua mwaka 2010. Jicho linaweza kutibiwa vizuri kabisa kwa mionzi, mgonjwa akarudi kazini akiendesha gari lake mwenyewe, huku kipande kidogo cha uvimbe kilichopelekwa maabara kikisema kwamba kuna uwezekano mkubwa ugonjwa utajitokeza kwenye ini ndani ya miaka michache. Asiye na mabadiliko hayo, kwa kawaida, atazeeka na jambo hilo limesahaulika.

Kwa muda mrefu habari hiyo haikuambatana na dawa. Wagonjwa walikuwa wakiulizwa kabla ya kipimo kama wanataka kuambiwa majibu, na wapo waliokataa. Siwalaumu, ingawa najua wapo wasomaji watakaosema ni heri kujua. Kujua tarehe ya mvua kuna faida kwa mwenye mbegu. Januari 2022 ndipo Marekani ilipoidhinisha dawa ya kwanza iliyothibitika kurefusha maisha ya wagonjwa wa namna hii pindi ugonjwa unaposambaa, tebentafuspu, nayo ikaja na sharti la kijenetiki la aina nyingine: hufanya kazi kwa wale tu waliorithi aina ya kinga iitwayo HLA-A*02:01. Karibu nusu ya watu wenye asili ya Ulaya wanayo. Miongoni mwa Waafrika ni wachache zaidi. Alama hiyo haitoki kwenye uvimbe. Ni ya mgonjwa mwenyewe, aliyozaliwa nayo.

Chini ya unyayo

Melanoma ya Waafrika weusi ni nyingine. Haipendi mgongo wala mabega. Huota mahali pasipo na rangi nyingi na pasipoonwa na jua: unyayoni, kisiginoni, kiganjani, chini ya ukucha. Katika miaka ya 1960 daktari M. G. Lewis na wenzake wa Kampala walikusanya kwa makini wagonjwa wa Uganda na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya melanoma za huko ziko mguuni. Lewis aliona na jambo jingine, ambalo leo lingempa mwaliko kwenye kila mkutano wa saratani: katika damu ya baadhi ya wagonjwa wale mlikuwa na kingamwili dhidi ya seli za uvimbe wao wenyewe, na kingamwili hizo zilielekea kukosekana kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Yaani dalili kwamba mwili hupigana na melanoma, na kwamba nguvu ya pigano hilo ina uhusiano na hatima ya mgonjwa, ilichapishwa katika majarida ya London kutokana na wagonjwa wa Uganda, zaidi ya miaka arobaini kabla ya ipilimumabu. Historia za dawa hizi zinazosimuliwa siku hizi huanza mbali na hospitali ya Mulago, Kampala.

Mgonjwa maarufu kuliko wote wa melanoma ya mguu ni Bob Marley. Mwaka 1977 iligundulika chini ya ukucha wa kidole gumba, mahali alipokuwa ameumia akicheza mpira, na kwa muda ilidhaniwa ni jeraha la mpira tu. Hakukubali kidole kikatwe. Aprili 1980 aliimba kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba mwaka huohuo alianguka akikimbia mazoezi New York, saratani ikiwa tayari ubongoni. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36 tu.

Jeni za melanoma hii hazifanani na zile za Sydney. BRAF iliyobadilika huonekana kwa wachache zaidi. Badala yake hukutwa, kwa sehemu ya wagonjwa, mabadiliko katika jeni ya KIT, na hapo hutokea jambo la kushangaza kidogo: dawa inayoilenga KIT ni imatinibu, ileile ambayo wagonjwa wa saratani ya damu aina ya CML hapa Kenya na Tanzania wamekuwa wakiipata kwa miaka mingi kupitia mpango wa msaada. Majaribio ya mwaka 2011 ya Marekani na China yalionyesha uvimbe ukinywea kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye KIT iliyobadilika. Si wengi, na mara nyingi si kwa muda mrefu. Lakini ni kidonge kilichokwisha kufika katika maduka yetu ya dawa, na asiyepimwa KIT hawezi kukipata.

Kwa upande wa kinga, mguu hauna makovu ya jua. Utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2017 uliosoma vinasaba vyote vya melanoma ulionyesha kwamba za unyayoni zina herufi chache zilizobadilika, ila zina vipande vizima vya kromosomu vilivyokatika na kuunganishwa hovyo. Askari aliyeamshwa anapata sababu chache za kumtambua adui, na ndiyo moja ya sababu dawa za kinga huonekana kuwa na nguvu ndogo zaidi kwa aina hii. Mtu akizichukua nambari za 43 na 57 katika mia akazipeleka nzima kwa mgonjwa wa kisigino wa Mbeya au Kakamega, atakuwa amempa faraja iliyopimwa kwenye miili ya watu wengine.

Kinachoamua zaidi kwa mgonjwa huyo ni kina. Mwaka 1970 mtaalamu wa patholojia wa Marekani, Alexander Breslow, alianza kuupima uvimbe chini ya hadubini kwa milimita, kutoka juu ya ngozi hadi seli ya mwisho iliyozama. Kipimo chake hakijapitwa na wakati: chini ya milimita 1 mgonjwa ana kila sababu ya kutumaini kuona wajukuu, ukivuka milimita 4, na juu pana kidonda, mambo yamekuwa mazito. Kwetu wengi hufika wakiwa huko kwa pili. Doa la unyayoni hudhaniwa sugu, au mwiba uliovunjikia ndani. Huchokolewa kwa wembe, huwekwa majivu au dawa ya kienyeji, baadaye huitwa kidonda ndugu, na mtu huja hospitali mtoki wa kinena ukiwa umevimba. Kati ya doa na mtoki hupita miezi mingi, pengine miaka. Hakuna jeni inayotabiri vizuri kuliko miezi hiyo.

Saratani ya ngozi inayojaza wodi za Tanzania, lakini, kwa kawaida si melanoma. Ni saratani ya seli bapa za juu ya ngozi, na wanaoumia zaidi ni watu wenye ualbino, ambao nchini humo hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 1,400. Nao wana alama yao ya jeni: kwa wengi wa Afrika kusini mwa Sahara ni kipande cha herufi kama 2,700 kilichokatika katika jeni ya OCA2. Hapa jeni inajulikana tangu kuzaliwa. Kipimo chake ni macho ya mkunga. Watafiti wa Dar es Salaam walioongozwa na Luande waliandika mwaka 1985 kwamba madhara ya jua kwenye ngozi ya watu hawa huonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na saratani zilizokomaa huwapata wakiwa na miaka ishirini na kitu. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kinga ya jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Mtoto mwenye OCA2 iliyokatika ambaye ana mafuta hayo, kofia pana, na mwalimu anayemruhusu kukaa mbali na dirisha, na mwingine mwenye jeni ileile anayelima shamba la mahindi kichwa wazi, maabara itawapa karatasi moja.

Nivolumabu iliingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu mwaka 2019, kwa ajili ya melanoma iliyosambaa, na pembrolizumabu ikatajwa kuwa mbadala wake. Orodha ni jambo moja. Ipilimumabu ilipoanza kuuzwa Marekani dozi nne ziligharimu takriban dola 120,000, na ingawa bei za dawa hizi zimeshuka kiasi katika baadhi ya nchi, bado hazijashuka hadi kufikiwa na familia inayouza ng'ombe ili kulipia tiba. Kwa mgonjwa wa familia hiyo mwaka 2010 haujapita. Akipimwa leo na kukutwa na BRAF iliyobadilika, jibu linalomhusu liko karibu zaidi na lile la kwanza la Sydney, na daktari anayemsomea matokeo ya miaka kumi ya jaribio lile bila kumweleza hivyo hamtendei haki.

Lipo jambo moja ambalo familia inaweza kulifanya bila kuuza kitu. Nyama iliyokatwa kwenye uvimbe, ikihifadhiwa vizuri katika fomalini, hugandishwa ndani ya nta na kuwekwa kabatini maabara. Katika hali hiyo vinasaba vyake husomeka hata baada ya miaka mingi, na kwa jeni ambazo siku nyama ilipokatwa hakuna aliyekuwa akizipima. Kila kipande kina namba yake, iliyoandikwa kwenye ripoti ya patholojia. Ombeni nakala ya ripoti hiyo mkae nayo nyumbani. Mgonjwa akihamishiwa Nairobi, Dar es Salaam au India, kipande chenyewe kinaweza kuombwa kwa namba hiyo na kupimwa BRAF na KIT bila yeye kukatwa tena.